Wanalipunguza Tumbo Langu, Anayekonda ni Mtoto

Nina miaka ishirini na tisa, ni Mfipa, mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Sumbawanga. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, karani serikalini. Mtoto wetu wa kwanza, Skola, ana miezi minne. Naomba ukurasa huu ulifiche jina langu. Wifi yangu naye huusoma, na sina haja ya kumfurahisha.

Chanzo ni mkutano wa chama wa nyumba kumi za mtaani kwetu. Mume wangu alikuwa akiwaeleza majirani ubaya wa wanyonyaji, mimi nimekaa mbele, mtoto mapajani. Jirani mmoja akapaza sauti: "Ndugu karani, mbona ubepari umeufuga nyumbani? Tumbo la mkeo hilo linashiba jasho la nani?" Watu wakaangua kicheko. Lilikuwa tumbo la uzazi, na kila mama pale alijua. Mume wangu hakunitetea. Alicheka nao.

Kesho yake akampa dada yake kazi ya kunikondesha. Wifi anaishi kwetu, anauza vitenge sokoni, uuguzi hajausomea hata siku moja. Akapiga marufuku ugali wa ulezi, eti unanenepesha. Maharage, eti yanavimbisha tumbo. Karanga zina mafuta, nisiguse. Asubuhi nikawa nakunywa maji ya moto yenye ndimu, ya kuyeyusha mafuta. Ila togwa ninywe nitakavyo, tena na sukari. "Kinywaji hakishiki mwilini, wifi," alisema, "kinapita tu." Kila Jumapili tukitoka kanisani alinizungushia kamba kiunoni na kupiga fundo ilipofikia, kupima kama nimepungua, wageni wakitazama.

Nilitii wiki sita. Hilo ni kosa langu, silifichi. Mikono ikakonda, siku moja nikaanguka mbele ya darasa, tumbo likabaki vilevile. Kisha maziwa yakapungua. Kliniki wakampima Skola, uzito umeshuka. Nesi, mama wa makamo, akaniuliza ninakula nini. Nikamweleza yote.

"Wewe mwalimu mzima!" akasema. "Togwa na ugali si vinatoka debe moja la ulezi? Ulichoacha ni maharage na karanga, na ndivyo vilivyokuwa vinakujenga. Na ndimu inayeyusha mafuta gani? Mwili wako ni sufuria? Nenda ukale, mama, unanyonyesha."

Jioni hiyo nikapika maharage. Wifi akawamwagia kuku yote. "Nesi mwenyewe umemwona alivyo? Pipa lile ndilo la kukufundisha?"

Mume wangu hakuinua macho kutoka kwenye gazeti. "Mama Skola, mwezi ujao nagombea uongozi wa tawi la chama. Sitachekwa tena. Ukitaka maharage, kayapike kwa baba yako."

Kwa baba ni Mwimbi, na lori la huko huondoka kila Alhamisi. Nikipanda, ameapa hatanifuata, na kazi yangu ya ualimu itakuwa imekwisha. Nikibaki, nitaendelea kulishwa ndimu na wifi, na nesi ameshasema Skola akishuka tena atalazwa.

Nishaurini, ndugu wasomaji: nipande lori au nibaki? Ila asiniandikie mtu habari za uvumilivu. Mimi kuvumilia naweza. Mwenye miezi minne hawezi.