Bampa Lisilobonyea

Kosa langu la kwanza la ufundi lilikuwa kutupa sponji. Nilifungua bampa la mbele la gari la mama mdogo, nikakuta ndani pande la sponji ngumu, jepesi kama boksi tupu. Nikaamua ni takataka ya kufungashia iliyosahauliwa huko Japani. Nilijifunza ufundi kwa video za simu, hivyo nilikuwa na uhakika wa kila kitu. Hata bampa lenyewe, la plastiki, niliona ni dharau kwa mteja. Nikachomelea bomba la chuma moja kwa moja kwenye chasisi, nikapiga msasa maungio mpaka nikaona meno yangu humo.

Mama mdogo hupeleka mpunga kwenye mashine ya kukoboa pale Mlabani. Wafanyabiashara wenzake wote wanapaki pale, na mimi nilitaka wawe wateja wangu. Nikatangulia, nikasimama uwanjani kumsubiri. Akaja mwendo wa baiskeli yenye gunia, mguu ukateleza kwenye breki, akagonga nguzo.

Nilikimbilia bampa kwanza. Hilo nalikiri.

"Halina hata mkwaruzo!" nikapiga kelele.

Alishuka ameshika mdomo uliopasuka kwenye usukani. Rejeta ilikuwa inamwaga maji.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Bampa zima. Mimi na rejeta ndio tumekuwa bampa."

Mama mmoja mwenye magunia akadakia, "Fundi, na mimi nifungie hilo. Nina mume mkorofi, nitampa aendeshe."

Walinicheka wote, na hakuna aliyeniachia gari.

Jibu nililitafuta kwenye simu ileile, likanidhalilisha kwa wepesi wake. Gari likigonga, mwendo lazima uishe mahali. Sponji inapobonyea, inaupa mwendo muda wa kuisha, na pigo linapungua. Chuma hakibonyei, kinakabidhi pigo lote kwa kilicho nyuma yake. Mimi mwenyewe nikiruka kutoka juu ya magunia nakunja magoti. Gari nilikuwa nimelikata magoti, kisha nikalipiga msasa.

Nilirudisha plastiki na sponji nyingine. Mama mdogo akalisukuma bampa kwa kiganja.

"Mbona laini hivi?"

"Laini ndiyo kazi yake, mama."

Akanitazama kama vile mimi ni muuza dawa za minyoo, lakini akachukua funguo.

Siku hizi sichomelei mabampa ya chuma. Mteja akiuliza kama bampa langu litavunjika, namwambia litavunjika. Wengi huenda kwa fundi wa jirani. Mama mdogo hajaenda.