Njaa ya Jirani

Breki alikuwa dereva wa kituo cha utafiti, na jina hilo alipewa kwa sababu hata jani kavu likivuka barabara, atasimama lipite. Siku hiyo alibeba wataalamu watatu waliotumwa kuchunguza njaa: Bwana Udongo, Bi Lishe na Bwana Takwimu. Kila mmoja na fani yake, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Kijiji chenye njaa kingepewa mbegu na ghala. Kilichoshiba kingefutwa kwenye orodha. Na kijiji chenyewe, jamani, ndiko kwa mama mkwe wa Breki.

Kwa kuwa wenyeji walimjua, Breki akapewa dodoso asome maswali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Shikamoo, mama. Hapa mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Marahaba, baba. Mara tatu, tunashukuru."

Sasa wewe ulitaka mama mkwe aseme nini? Mkwe kaja na wageni wenye viatu vya kung'aa, yeye atangaze njaa? Thubutu! Jirani, aliyekuwa ametega sikio, alipofikiwa akasema mara nne. Nyumba ya sita walikula mara saba. Kwa hesabu hiyo hawakubakiwa hata na muda wa kulima.

Mchana mama mkwe akawaandalia chakula. Bwana Takwimu aliongeza sahani ya pili, akaiandika kama ushahidi.

Walipoingia garini nusura washikane mashati. "Kijiji hiki kinaweza kulisha wengine," alisema Bwana Takwimu. "Nakifuta."

Bwana Udongo akasema udongo ule haulishi hata mbuzi. Bi Lishe alikuwa amepima mikono ya watoto kwa utepe, na kutwa nzima utepe uliishia kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo. "Kwa hiyo utepe ni mwongo?" aliuliza.

Breki alishika usukani bila kuwasha gari. Ni yeye ambaye watu walimwonea haya, na sasa watakosa mbegu kwa sababu yake. Akageuka. "Wakubwa, mnisamehe. Njaa yake mtu haisemi mbele ya mgeni. Ya jirani, ataisema hata hujamaliza kuuliza."

Wakashuka tena.

"Mama," Breki alimwuliza mama mkwe, "nyumba ya pili wanakula mara ngapi?"

"Wale?" Mama akashusha sauti, ikasikika mpaka barabarani. "Mara moja, maskini. Juzi hawakuinjika kitu."

Jirani naye akaulizwa habari za nyumba ya kwanza. Akatazama huku na huku. "Mkweo? Leo anakula, kesho anakunywa maji. Ila mimi sijasema."

Kila wiki Breki alimpigia simu mama huyu, na kila wiki aliambiwa hawajambo. Aliona uchungu, akaona na aibu, lakini akaandika. Walimaliza nyumba zote kwa mtindo huo, umbeya ukatiririka, na Bwana Takwimu akakirudisha kijiji kwenye orodha bila kumtazama mtu usoni.

Wakati wa kuondoka mama mkwe alisogea dirishani kwa dereva. "Umeniandika mara ngapi, baba?"

Breki akainamisha kichwa. "Mara moja kwa siku mbili, mama. Nisamehe."

Mama mkwe akajifunga vizuri khanga yake.

"Haya," alisema. "Ila siku nyingine mkija kutuuliza njaa, mje mmeshiba."