Niliambiwa Dume Yangu Imekua, Nikatangazia Soko Lote

Admin, ficha jina langu, ingawa hapa Migwani hata mbuzi wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne. Nimeishi kushinda njaa ile ya mahindi ya manjano, nimeishi kushinda swila aliyeniuma mguu akafa yeye, nimeishi kushinda machifu walionisumbua juu ya pombe ya asali, na karibu wanaume wote tuliotahiriwa pamoja. Kazi yangu ni kufunza ng'ombe kulima. Ndume ikishinda watu inaletwa kwangu, hata kutoka Mukuyuni kule Makueni wamekuja na lori. Shule sikukaa sana, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mambo ni hivi. Mkojo ulianza kunisumbua. Naenda, nasimama, hakuna kitu, nikifunga suruali unataka kutoka. Kanisani siku hizi nakaa karibu na mlango. Nikiwa shambani ng'ombe wananingoja nikiwa kichakani mpaka wanalala na nira shingoni. Mama watoto akaniambia, "Baba Mwende, si uende hospitali?" Nikamjibu hospitali ni ya wagonjwa. Basi madaktari wakaja sokoni na hema, wanapima wazee bure, nikaingia. Lakini mjue niliingia kwa sababu ya jua.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angekuwa mjukuu wangu. Akanipaka mafuta baridi tumboni, akapitisha mashine, akaangalia kwa kitelevisheni chake. Akasema, "Mzee, tezi dume yako imekua kubwa sana. Jumatatu uje Kitui hospitali ndio..." Mimi sikungoja amalize. Hilo neno la kwanza sikulijua, nikaliruka kama shimo. Lakini dume nalijua! Dume ndiyo kazi yangu! Nikavaa kofia nikatoka nimeinua kifua. Hata hiyo Jumatatu nilidhani anataka kunionyesha madaktari wenzake.

Nikatangaza. Mahali wanauza ng'ombe nikatangaza, kwa kinyozi nikatangaza. "Miaka sabini na nne, na mashine ya serikali imesema dume ni kubwa! Nyinyi vijana mnakula chipsi, mtapata wapi?" Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha chai. Tangu siku hiyo naitwa Ndume. Hata mama wa mboga ananiita, "Ndume, leo hutaki sukuma?"

Aliyefurahi zaidi ni rafiki yangu, nitamwita Mutua. Tulitahiriwa siku moja, tumebaki sisi wawili. Akaniuliza pole pole, "Kwani yako ilianzaje?" Nikamweleza habari ya mkojo. Akapiga makofi. "Asi! Hata yangu inafanya hivyo! Na watoto wangu wanataka kunipeleka kwa hema!" Nikamwambia, na haya maneno ndiyo yananikula, nikamwambia, "Waambie hujakuwa mgonjwa, umekuwa ndume." Akaenda nyumbani akakataa hema.

Sasa nilienda kununua kamba za nira kwa Bwana Salim. Huyo babake alitoka pwani akaja kufungua duka hapa, Kiswahili wanakijua kuliko sisi. Nikamwambia habari yangu nikingoja acheke. Hakucheka. Akaweka kamba chini.

"Mzee wangu, alisema dume, au tezi dume?"

"Si ni kitu moja?"

"Si kitu kimoja. Tezi dume ni kinyama kidogo chini ya kibofu, kila mwanamume anacho. Kikivimba kinabana njia ya mkojo. Pengine ni utu uzima tu. Pengine ni saratani. Asiyepima hajui. Marehemu baba yangu hakupima."

Nikamuuliza wanapima na nini. Akasema damu, na kidole.

"Kidole wapi?"

Akaonyesha kwa macho nyuma ya suruali yangu. "Kinaisha upesi kuliko kunyolewa ndevu, mzee wangu."

Tangu hapo sijatulia. Nakaa, nasimama, nafunga ng'ombe, nafungua. Jumatatu ilifika, nikamdanganya mama watoto naenda kuona ndume ya mtu, nikaenda mpaka hospitali Kitui. Kwa geti nikakutana na mama mmoja wa kanisa letu. "Ndume! Umekuja kuona mgonjwa?" Nikasema ndiyo, nimekuja kuona mgonjwa. Nikageuka nikarudi nyumbani. Mimi, ambaye sijawahi kukimbia ng'ombe.

Na ningenyamaza nife nalo, mimi kufa siogopi. Lakini juzi Mutua alikuja kwangu anacheka, akaninong'oneza kwamba sasa anakojoa na damu kidogo. Akasema, "Wee, yangu imekuwa kali kuliko yako!" Nilitaka kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka, nikamwambia karibu chai.

Sasa nyinyi maelfu mnaosoma hapa, hasa wanaume mliowekewa hicho kidole mkarudi nyumbani mkiwa bado wanaume, nisaidieni mawazo. Nikimwambia Mutua ukweli, atajua mimi ni mgonjwa kama yeye, na Migwani yote itacheka mpaka nizikwe. Nikinyamaza, tutazikwa wawili, na wa kwanza si mimi. Nianze na maneno gani? Mtu anafunguaje nira aliyomfunga mwenzake shingoni kwa mdomo wake mwenyewe? Jibuni haraka, yeye hana siku nyingi za kungoja nipate ujasiri.

Kama kuna mtu anasema natunga, Bwana Salim wa kamba yuko, na mama watoto anajua ninavyoamka usiku kwenda kukojoa. Lakini shahidi wangu mkubwa ni Mutua. Mwulizeni. Atawaambia kwa furaha kabisa kwamba mimi ni ndume, na yeye pia.