Mwezi Mzima Tulisafiri Sebuleni

Siku mama mkwe wangu alipotapika kwenye ndoo akidai kwamba dereva anakata kona vibaya, sisi wote tulikuwa tumekaa sebuleni.

Gari halikuwepo. Kona haikuwepo. Kulikuwa na viti vinne vya plastiki vimepangwa viwili viwili, na mume wangu kwenye kiti cha mbele ameshika mfuniko wa sufuria, eti ndio usukani.

Dirishani alisimama jirani yetu, fundi redio, na kikombe chake cha chai mkononi. Akatuangalia, akamwangalia mama na ndoo yake, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mmefika wapi?"

"Kituo cha tatu," mume wangu akajibu bila kugeuza shingo. "Barabara mbaya."

Ndugu zangu, msicheke kwanza. Ngoja niwaeleze tulifikaje huko.

Mume wangu ni askari. Mtaani wanamwita Kamanda, cheo ambacho jeshi lenyewe halijawahi kumpa. Alitumwa nchi ya mbali kulinda amani. Wakamwongezea muda, wakamwongezea tena. Alipoondoka, binti yetu Kadogo alikuwa bado anavaa nepi. Aliporudi, Kadogo yuko chekechea na ana maoni juu ya kila kitu.

Mtoto alimjua baba yake kwenye kioo cha simu tu. Siku baba alipoingia nyumbani, mtoto alijificha nyuma ya gauni langu. Kesho yake asubuhi akanifuata jikoni.

"Mama, yule wa kwenye simu ameamka. Anataka chai."

Yule wa kwenye simu alikuwa kasimama mlangoni, kasikia kila neno. Akacheka, lakini kicheko kikamkatikia katikati. Iliniuma sana.

Sasa, kulikuwa na ahadi.

Akiwa huko, alitutumia picha amekaa ndani ya deraya, lile gari la vita la chuma, kofia ya chuma kichwani, mikono miwili kwenye usukani, uso kaukunja kama anadaiwa na dunia nzima. Alisema jeshi limemfundisha udereva na sasa yeye ndiye anayewabeba wenzake. Niliiwekea fremu, nikaitundika sebuleni. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa picha kabla hajaonyeshwa kiti.

Basi mwalimu wa chekechea akawasimulia watoto habari za njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi walipita kwa miguu miezi na miezi, mizigo kichwani, hadi baharini. Vituo vyao vya kupumzikia vipo mpaka leo. Kadogo akakimbilia simu. "Wewe una gari la vita. Utanipeleka?"

"Nikirudi nitakuendesha njia yote, mimi mwenyewe," akajibu.

Na kweli akaagiza gari, la mitumba lakini zima. Binamu yake akalileta, akaliegesha uani, tukalifunika turubai likamsubiri mwenyewe.

"Mke wangu," akaniambia wiki ile aliyorudi, "huyu mtoto akishaniona kwenye usukani, ataniita baba. Hii safari ndiyo kila kitu."

Nikamwelewa. Nikadhani tutaondoka Jumamosi.

Thubutu.

Kwanza ikaja ramani, ikabandikwa ukuta mzima, vituo vimechorwa kwa wino mwekundu. Halafu likaja zoezi. "Safari bila zoezi ni kujitakia balaa," akasema Kamanda. Kila jioni nikitoka saluni, miguu inawaka moto kwa kusimama nikisuka vichwa vya watu, nakuta viti vimeshapangwa. Yeye na mimi mbele, mama na Kadogo nyuma.

"Mikanda."

Tunafunga mikanda ya magauni.

"Mbuzi upande wa kulia."

Tunainamia kushoto, wote, hata mama mwenye magoti yake.

Maskini mama na magoti. Tangu mwanawe aondoke, kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anakwenda kliniki ya magoti, anarudi jasho linamtiririka. Nilimhurumia mno. Kwenye zoezi nilikuwa namsikia huko nyuma mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu, tu, tu, tu.

"Mama, goti linauma?"

"Linazoea, mwanangu."

Na kila tukikata kona alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma. Nikajua na shingo nayo imeanza.

Jumamosi ikafika, tukaambiwa zoezi halijaiva. Jumamosi nyingine, tukaambiwa kuna wingu ambalo hakulipenda. Kadogo akawa anauliza swali lilelile kila jioni, bila hasira, kama karani: "Tunaenda lini kweli?"

Jambo moja tu lilikuwa linasonga mbele: chakula. Mume wangu alijua kila kituo tutakula nini. Alikuwa anakatakata vitunguu huku macho yako kwenye ramani, kisu kinakwenda chenyewe, vipande vyote sawasawa. Siku moja akasema anapika maharage kidogo ya kuonja, apime yatakaa muda gani njiani. Nikaingia jikoni nikakuta imejaa ile sufuria tunayowaazima watu wenye harusi.

"Baba Kadogo, tuko wanne."

"Nimepunguza," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Tukala maharage asubuhi. Tukala maharage jioni. Fundi redio akapelekewa ndoo nzima, akashukuru, kisha akaanza kutukwepa. Siku ya nne ya maharage ndiyo siku mama alipotapika kwenye kile kituo cha tatu.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Kadogo akapotea.

Tukamtafuta chumbani, chooni, chini ya vitanda. Mwishowe nikaona turubai la gari linapanda na kushuka. Nikalifunua. Mtoto kakaa kiti cha nyuma, mkanda kaufunga, begi mapajani. Ndani ya begi kulikuwa na mdoli wa mkono mmoja na kopo tupu, kwa sababu aliwaahidi wenzake darasani kuwaletea mchanga wa njia ya wapagazi.

"Shuka, Kadogo, tunywe chai."

"Sishuki. Nimechoka na gari la viti."

Mume wangu akamwangalia, akaniangalia. Nikaona jasho limemtoka asubuhi ile ya baridi. Nikajisemea moyoni kwamba kuna kitu hapa.

Hakukuwa na pa kukimbilia tena. Tukapakia masufuria, maji na vikapu. Mama akaingia nyuma na mkoba wake. Kamanda akakaa kwenye usukani. Akatoa maelezo marefu ya safari. Akarekebisha kioo cha pembeni. Akarekebisha cha upande wa pili. Akakirudia cha kwanza.

Halafu akawasha.

Gari likaruka mbele kama limechomwa sindano, likagonga ndoo, likazima. Akawasha tena. Likaruka tena, safari hii likaichukua kamba ya nguo, na sketi yangu ya kanisani ikatanda kwenye kioo cha mbele. Waipa zikaanza kuifuta sketi.

Fundi redio akachungulia juu ya uzio. "Mmefika wapi?"

Mume wangu akalaza kichwa kwenye usukani, honi ikalia muda mrefu, na wala hakukiinua kichwa.

"Mimi sijui kuendesha," akasema honi ilipokoma.

"Na deraya?" nikauliza.

"Lilikuwa bovu. Halikuwa hata na injini. Watu wote kambini walipigia picha humo." Akavuta pumzi. "Nilikuwa mpishi. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho nilikuwa jikoni."

Nilikasirika, sitaki kuwadanganya. Miaka yote hiyo nawaonyesha wageni picha ya shujaa aliyekaa kwenye chuma chakavu. Lakini papo hapo yakanijia yale maharage, na kicheko kikanipanda mpaka nikang'ata kanga. Dalili zote zilikuwa mezani, tena nimezila.

Kadogo akalikumbatia begi lake. Baba yake hakuthubutu hata kumwangalia kwenye kioo. Mabega yalikuwa yamemshuka mtu mzima yule, na hapo hasira yangu ikaisha, nikabaki na huruma tupu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Shuka, mwanangu," mama akasema.

"Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Shuka nikae mimi, jua linapanda."

Tukamtazama. Mama akaingiza mkono kifuani, pale anapoweka simu na leso, akatoa leseni ya udereva. Yenye picha yake, kafunga kilemba, kanuna vizuri.

"Kliniki ya magoti," nikasema.

"Goti gani? Ningewaambia nasomea udereva mngeniacha? Mngesema bibi kizee anatafuta kaburi." Akaiondoa sketi yangu kiooni, akakaa kwenye usukani, akasogeza kiti mbele, akamgeukia mwanawe. "Na wewe nilikujua tangu jioni ya kwanza. Mwezi mzima unaendesha sebule, hujakanyaga klachi hata mara moja. Mguu umeniuma kwa kukukanyagia."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

"Na kule kutapika?"

"Yale yalikuwa maharage yako. Nikasingizia kona, nisikuaibishe mbele ya jirani."

Mama akarudi kinyumenyume kupitia lango letu jembamba bila kugusa ukuta. Fundi redio akaweka kikombe chini akapiga saluti.

Njia nzima mume wangu alikaa nyuma, magoti yamebanwa na sufuria. Kadogo alikuwa anatazama nje.

Tukafika kituo cha kwanza. Mimi nilitegemea ngome, minara, vitu vya maana. Kumbe ni uwanja wa majani, kibao kimoja, na mawe matatu meusi yamepangwa.

Mlinzi wa pale akatueleza. Hema la mkuu wa msafara lilikuwa upande ule, bendera zake upande huu, ngoma kule. "Vyote vimekwisha," akasema. "Kilichobaki ni haya mafiga. Hapa ndipo mpishi wa msafara alipokuwa anainjika. Hao waliotoka baharini na hao waliokwenda, wote walikula hapa."

Kadogo akayazunguka yale mawe taratibu. Akayagusa moja moja. Kisha akamwendea baba yake, akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Wewe ulikuwa unawapikia wangapi?"

"Mia nne," akajibu kwa sauti ndogo.

"Wote walikuwa wanashiba?"

"Hakuna aliyelala njaa."

Mtoto akafikiri. Akaangalia mafiga, akaangalia ile sufuria iliyojaza nusu ya gari.

"Baba," akasema, "nina njaa."

Mume wangu akageukia gari upesi, akajifanya anatafuta sahani. Zilikuwa mkononi mwake.

Tulikula, mlinzi akala, wanafunzi waliokuja na mwalimu wao kutembelea pale wakala, na sufuria ile ikaisha. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alikuwa amepika kiasi kinachotosha.

Vituo vilivyobaki tulivimaliza, mama kwenye usukani, Kadogo kalala kifuani kwa baba yake, kopo la mchanga kalikumbatia.

Somo nililolipata ni hili. Mtu wako akirudi kutoka mbali, usimtafutie ushujaa kwenye picha. Muulize kazi aliyoifanya, umsikilize mpaka mwisho, halafu umheshimu kwa hiyohiyo. Waliosema jifya moja haliinjiki chungu walituona sisi wanne ndani ya gari lile.

Ile picha ya deraya tumeitoa ukutani. Pale pale tumetundika ya mama kwenye usukani, kofia ya chuma ya mwanawe kichwani. Cheo cha Kamanda nacho kimehamia kwake, mtaa mzima umekubali.

Na siku hizi, kila Jumanne na Ijumaa, mume wangu anatuaga kwamba anakwenda kliniki ya magoti. Hakuna anayemuuliza kitu.