Mwaka Baba na Mjomba Walipogawana Vyama

Sisi tuliokulia Msambweni kabla ya bendera kubadilishwa tulivijua vyama hata kabla hatujajua kusoma. Mwanzoni tulikuwa watoto tu. Tulicheza kibemasa nyuma ya nyumba za makuti, tukala mihogo ya nazi kwenye sinia moja watoto wa nyumba tatu, na tukitoka chuoni kusoma Kurani tulipita kwa mjomba Salim, kaka yake mama, tukapewa madafu. Kisha siasa ikaingia, na mchezo wenyewe ukaharibika: kabla hujajificha, sharti useme kwenu ni chama gani.

Baba alikuwa na minazi na mikorosho. Aliingia chama cha majimbo kwa ajili ya ardhi. Alisema Wazungu wakiondoka watakuja watu wa bara na karatasi zao, na sisi tuliowazika wazee wetu hapa tutaambiwa tuhame. Mjomba Salim alikuwa kibarua kiwanda cha sukari, na wenziwe wote walikuwa chama kile kingine, kilichotaka serikali moja. Waligoma pamoja, wakashinda na njaa pamoja, angewaachaje? Mama alipiga kura yake kimya. Miaka mingi baadaye aliniambia alimpa yule mgombea aliyekuja matangani bibi alipofariki, akakaa chini mkekani kama watu wengine. Nikiwafikiria wote watatu, sioni aliyekuwa mjinga.

Basi dada yangu Mwanamisi alikuwa amechumbiwa na Bakari, mtoto wa mjomba. Harusi ingefanyika baada ya mfungo. Walikuwa wakipendana, sisi wadogo tulilijua hilo mapema kuliko wakubwa.

Siku moja ukafanyika mkutano wa hadhara, na mjomba akapandishwa jukwaani. Alisema wanaotaka majimbo ni vipofu wanaoshikwa mkono na mkoloni. Sidhani alimkusudia baba, lakini baba alikuwa pale, amesimama na wenzake, na watu waligeuka wakamtazama, wakacheka. Aliporudi nyumbani alitoa zile kanga za posa sandukuni, akamwambia mama azirudishe kwa nduguye. Mama alimsihi, akamkumbusha kwamba wale ni watoto na hawana chama. Baba hakupandisha sauti.

“Siwezi kumpeleka binti yangu katika nyumba inayoniita kipofu,” alisema.

Mwanamisi alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Aliendelea kukuna hata nyama yote ikaisha, nikawa nasikia meno ya chuma yakiparuza kifuu kitupu. Mama alimwinua kwa mkono.

Kabla ya uchaguzi aliozwa kijiji cha Jego, kwa mchuuzi wa samaki aliyekuwa chama kimoja na baba. Alikuwa mtu mwema, ila umri wake ulikaribia wa baba. Bakari alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Baba na mjomba hawakuamkuana tena. Hata kwenye mazishi, mmoja akishika jembe, mwingine alingoja aliweke chini.

Uhuru ukaja, tukaimba, tukala pilau. Haukupita muda mrefu redio ya dukani ikatangaza kwamba chama cha baba kimejivunja, na viongozi wake wote wamejiunga na kile kingine kwa ajili ya umoja wa taifa. Baba alirudi, akaketi barazani bila kutaka chakula. Kesho yake mjomba akaja. Alibisha hodi, akakaribishwa, na wakazungumza habari za mvua kama kwamba walionana juzi.

“Shemeji, sasa tu chama kimoja,” mjomba akasema mwishowe.

“Ndivyo wanavyosema,” baba akajibu.

Mama alileta birika la kahawa, akaliweka chini, akasimama.

“Na Mwanamisi?” aliuliza. “Naye arudi?”

Wakati huo Mwanamisi alikuwa tayari ana mtoto wa kwanza.

Vijana wa leo hunishangaza. Asubuhi wamevaa fulana ya huyu, jioni kofia ya yule, wanakula pilau ya wagombea wote na kutukanana kwenye simu, kisha usiku wanatazama mpira pamoja. Enzi zetu mtu aliingia chama kama anavyooa. Nilikuwa nikiwacheka, siku hizi nimechoka hata kuwacheka. Waheshimiwa bado wanahama vyama kama kawaida, ardhi bado inazozaniwa, na mimi mwenyewe naangalia bado nani alikuja matangani.

Kila uchaguzi ukikaribia humpigia Mwanamisi simu kule Jego, nikamwambia nitamtuma mjukuu amsindikize kituoni. Ni mjane sasa, na hajawahi kupiga kura maishani mwake. Hanikasirikii. Hucheka kidogo, akaniuliza hali za watoto, kisha hunijibu kwa upole:

“Nendeni nyinyi, mdogo wangu. Mimi kura yangu nilishapigiwa.”