Siku Tuliyocheka Masara

Jirani akiwasha jenereta na ule moshi wa petroli kuniingia puani, narudi machimboni Masara, miaka ya tisini, ndani ya banda la video la Mzee Salim.

Mzee Salim alikuwa Mwislamu kutoka Mombasa, mwenye duka la vifaa vya wachimbaji dhahabu. Watu walifuata filamu za karate bandani kwake. Lakini alikuwa na kanda moja kuukuu aliyoipenda yeye peke yake: picha zisizo na rangi wala sauti, za bwana mwembamba aliyebeba ngazi na kuangusha kila kitu alichokipita. Wachimbaji walimzomea mpaka akaitoa.

Asubuhi moja, shimo alimokuwa baba liliporomoka. Wanaume walichimba kwa majembe na kwa mikono. Mama alisimama ukingoni akiliita jina lake mpaka sauti ikamkauka, mimi na mdogo wangu Ouma tumemng'ang'ania leso. Jua lilipokuwa kali Mzee Salim alikuja, akanong'onezana na mama, kisha akatushika mikono.

Bandani tulikuwa sisi wawili tu kwenye benchi. Yule bwana aligeuka na ngazi yake, ikampiga askari, askari akatumbukia kwenye pipa la rangi. Ouma akacheka. Mimi nilijizuia, nikaomba Mungu, halafu, niwaambie ukweli, nilicheka hadi tumbo likaniuma. Kanda ilipoisha niliinuka nikamwangalie baba.

"Kaeni, wanangu," Mzee Salim alisema akitazama ukuta. "Naianza tena."

Akaisogeza jenereta mlangoni, ikanguruma. Hatukusikia nduru za nje.

Tulipotoka, baba alikuwa amefunikwa blanketi.

Kwa miaka mingi nilimwona Mzee Salim kuwa mtu katili, aliyetuchekesha wakati baba yetu anatolewa maiti. Nilikuwa nimeshapata watoto wangu nilipomwambia mama hivyo.

"Ni mimi nilimwomba, nyathina, mwanangu," akasema. "Wachimbaji walikuwa wameshamwona, hayuko hai. Nilitaka mkae na baba yenu kidogo zaidi, kabla hamjajua."

Siku hizi natafuta vichekesho vya zamani ambavyo hakuna anayevijua, na watoto wangu hushangaa naona nini humo. Nacheka kweli. Lakini katikati ya kicheko humwona mama pale ukingoni, anajua tayari, amesimama na kilio chake peke yake ili sisi tumalize kucheka.