Kusoma Mita kwa Baiskeli, Kitengela Hadi Kajiado

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa wasoma mita alinikabidhi baiskeli nyeusi, daftari, na chuma cha kufungulia vifuniko vya mita za maji. Alikuwa mama mtulivu aliyewahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Tulisimama kando ya barabara ya Namanga, hapo Kitengela, tukitazama malori.

"Honi ya kwanza ni salamu," aliniambia. "Ya pili, toka kwa lami. Usibishane na mtu ako na lori."

Nilitoka kwa lami mara nyingi. Trela likikupita karibu, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha hukuvuta kuelekea magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo niliendesha hatua moja ndani ya lami, si ukingoni kabisa, ili nibaki na mahali pa kukimbilia. Nilijifunza pia kugeuka na kumtazama dereva usoni. Wengine walipunguza mwendo. Wengine walinitukania mama. Mita zilikuwa nje ya mageti, hivyo sikuwa na sababu ya kubisha hodi. Siku nyingine matusi hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa hadi jioni.

Baadaye nilihamishiwa Kajiado. Meneja wa kituo alisema huko ningepumzika, maana magari ni machache. Ni kweli yalikuwa machache, lakini yalikimbia.

Asubuhi moja kanta, lori dogo lililobeba mboga, ilinipigia honi mfululizo. Upande wangu lami ilikuwa imeliwa na mvua, nikakosa pa kutokea. Kioo chake cha pembeni kilinigonga bega, nikaanguka mtaroni. Mfupa wa bega ulivunjika. Kanta haikusimama. Niliinua mkono uliobaki mzima kila niliposikia gari, na kila gari lilipita. Moja lilipunguza mwendo, dereva akanitazama, akaongeza moto.

Ndipo mzee mmoja wa Kimaasai akafika na ng'ombe wake. Alinitazama. Kisha akawapandisha ng'ombe barabarani, akawaweka hapohapo, huku na huku. Magari yakajaa, honi zikalia. Madereva wakashuka kumfokea awaondoe. Hakuna aliyeuliza kuhusu mimi.

Mzee aliegemea fimbo yake. "Mtapita huyu akipita," alisema.

Nilipakiwa kwenye pikapu iliyokuwa mbele, nikapelekwa hospitali. Nilipopona nilimtafuta yule mzee, nimembebea shuka na sukari. Niliambiwa ardhi aliyokuwa akichungia imeuzwa, imezungushiwa ua, naye amehama na mifugo. Jina lake sikuwahi kulijua.

Nilirudi kwenye kazi ya baiskeli, nikaendesha hadi nilipostaafu. Sasa naishi peke yangu Kitengela tangu mke wangu afariki. Jumapili kijana wangu hunipeleka kanisani kwa gari lake. Majuzi tulimkuta mtu wa baiskeli, amebeba majani ya ng'ombe. Kijana wangu alimpigia honi, kisha akaipiga tena, ndefu zaidi.

Nilimwambia apunguze. Redio ilikuwa juu, hakusikia. Niligeuka nikamwona yule mtu ameweka mguu chini kwenye changarawe, ameshikilia mzigo wake usianguke.

"Umesema nini, Baba?" kijana wangu aliuliza, akipunguza sauti ya redio.

Tulikuwa tumeshampita mbali.